Maumivu Yaliyotulia Kigodani

Zamani mtu akitaka viatu alivua vile alivyokuwa navyo, akakanyaga karatasi sakafuni, fundi akamzungushia penseli mguuni na kumwambia arudi baada ya wiki mbili. Siku hizi anaingia dukani, anatajiwa namba, na mguu ndio unaolazimishwa kukifuata kiatu.

Hivyo ndivyo alivyopenda kusema fundi mmoja mshona viatu ambaye watu walimwita Kamusi, na alimwambia kila aliyechungulia mlangoni, awe mteja au mpita njia aliyetaka tu kujua saa. Jina hilo alilipata kwa haki. Shule aliiacha darasa la nne, baba yake alipofariki, lakini tangu ujana wake alikuwa akinunua vitabu vichakavu kwa wauza karatasi za kufungia bidhaa, akavisoma jalada kwa jalada: sheria za ardhi, ufugaji wa nyuki, hesabu za mabaharia, tiba. Kile cha tiba kilikosa kurasa arobaini za mwanzo na kilichapwa kabla yeye mwenyewe hajaota ndevu. Hilo halikumsumbua. Alisema tumbo la binadamu halijahama mahali pake tangu hapo; waliohama ni madaktari, waliohama kutoka kwa mgonjwa kwenda kwenye kompyuta.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa mabawa mawili. Darini zilining'inia kalibu za mbao za kuundia viatu, jozi kwa jozi, kila jozi imeandikwa jina la mwenye miguu, na sehemu kubwa ya wenye miguu hiyo walikuwa wameshazikwa. Kamusi hakukubali kuzishusha. Yeye alifanya kazi kwa kusimama, mbele ya meza iliyokuwa dirishani, akipima na kukata ngozi. Chini, kando ya meza hiyo, juu ya kigoda cha miguu mitatu, alikaa mdogo wake, ambaye kazi yake ilikuwa kushona soli.

Huyo wateja walimwita Mshono. Alishona kwa mkono, kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, na katika urefu wa kidole gumba alipitisha mishono kumi na miwili iliyolingana kama meno ya kitana. Alibana kiatu katikati ya magoti, akakiinamia mpaka kidevu kikakaribia kugusa kisigino, akatoboa, akapitisha sindano mbili zikapishana, akavuta kwa mikono yote miwili. Alikuwa amekaa hivyo miaka thelathini na minane. Hakuwa msemaji. Kaka yake alisema kwa niaba ya wote wawili, naye aliona ni nafuu. Na tangu baba yao alipofariki, kaka mtu akishasema neno lilikuwa limesemwa. Mshono hakupata kumjibu, hata pale alipojua kwamba yeye mwenyewe ndiye mwenye haki.

Maumivu yalianza siku ya mapumziko. Mshono alikuwa amekula vizuri nyumbani kwake, nyama yenye mafuta yake, akajinyoosha kitandani apumzike, na baada ya muda kitu kikamchoma chini ya chembe ya moyo, kikapenya kwenda mgongoni, kikakaa. Alijigeuza huku na huku. Alipolala chali kilizidi. Alikesha amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono imekumbatia tumbo, na mkewe akimuuliza kila mara kama aite mtu. Asubuhi alikwenda kazini kama kawaida, akakaa kwenye kigoda, akainama kubana kiatu, na kabla ya soli ya kwanza kwisha maumivu yalikuwa yamepoa.

Wiki tatu baadaye yakarudi, tena siku ya mapumziko, tena yakapoa alipokaa kazini. Kisha yakarudi mara ya tatu. Hapo Kamusi akatoa hukumu yake. Alimwambia mdogo wake kwamba huo ni ugonjwa wa kukaa bure, kwamba mwili uliozoea kazi ukinyimwa kazi unajila wenyewe, na kwamba baba yao hakuugua hata siku moja mpaka siku aliyokufa. Mshono akacheka kidogo. Kwa kweli naye alikuwa ameona hivyohivyo: kitandani anaumwa, kigodani anapona. Nani angebisha? Muuza dawa wa mtaani alimpa vidonge vya vidonda vya tumbo, akavimeza miezi miwili, na siku alizovimeza na siku alizovisahau zilikuwa sawa.

Mkewe ndiye hakuridhika. Alikuwa mwanamke mfupi, mshona mapazia, aliyekuwa na desturi ya kusema jambo mara moja tu. Alikuja karakana mchana mmoja na kumwambia Kamusi kwamba mdogo wake anapungua, mshipi umeongezwa tundu la pili, na ampe ruhusa aende akapimwe hospitali kubwa. Kamusi akamjibu kwa utani kwamba shemeji ndiye anayempikia, basi aulizwe yeye amezipeleka wapi hizo kilo. Shemeji hakucheka.

Wakati huohuo Kamusi aligundua jambo jingine, akalinyamazia. Chupa ya spiriti waliyotumia kusafishia ngozi, ambayo kwa kawaida ilidumu miezi mitatu, ilikuwa inakwisha kwa mwezi mmoja.

Hospitali walikwenda kwa kulazimishwa na ugonjwa wenyewe. Jumapili moja Mshono alitapika tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akawa hana cha kutapika na bado anatapika, na macho yake yalikuwa yamegeuka manjano. Mkewe hakumuuliza mtu ruhusa. Alimpakia kwenye gari la jirani, na Kamusi akapata habari alipokuwa mlangoni kwake anasoma.

Alipofika aliwakuta kwenye chumba cha dharura, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, Mshono amelala kwa ubavu amejikunja kama herufi C, dripu mkononi. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani na viatu vya mpira, na Kamusi alivitazama viatu vile kabla ya kumtazama mwenyewe. Daktari aliuliza maumivu yalianza lini, yanakwenda wapi, yanazidi wakati gani. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama mgonjwa anakunywa pombe.

Mkewe akasema hapana, hajawahi. Mshono akatikisa kichwa kukataa. Lakini Kamusi alikuwa ameikumbuka ile chupa, na akili yake ilikwenda mbio kuliko heshima yake. Aliinama kitandani, mbele ya daktari, mbele ya muuguzi, mbele ya shemeji yake.

"Sema kweli," alisema. "Spiriti ya karakana inakwenda wapi?"

Mshono alifumbua macho. Alimtazama kaka yake muda mrefu, kama mtu anayetazama kiatu alichokishona mwenyewe akakuta kimepasuka.

"Sijanywa, kaka."

"Basi inakwenda wapi?"

"Ninampaka mgongoni," alisema shemeji. "Miezi mitano sasa. Kila usiku ananiomba nimpake mgongoni, inampoza kidogo. Ungeuliza, ungejibiwa."

Kamusi alikohoa, akatoka nje kutafuta maji ya kunywa ambayo hakuyahitaji. Hakuomba radhi siku ile. Alijiambia ataomba radhi mambo yakitulia, na mambo hayakutulia kwa namna aliyoifikiria.

Majibu yalipotoka daktari aliwaita Kamusi na shemeji yake pembeni. Damu ilionyesha kwamba kongosho limevimba. Altrasaundi ilionyesha mawe madogo kwenye mfuko wa nyongo. Kwa kuwa Kamusi alimwuliza maswali matatu kwa mpigo, daktari alichukua karatasi akachora: tumbo, na nyuma ya tumbo kitu kirefu kama ulimi kilicholala karibu na uti wa mgongo. Hilo ndilo kongosho, alisema. Linatengeneza maji ya kusaga chakula, na linatengeneza insulini inayotawala sukari mwilini. Maji yale hupita kwenye mrija mwembamba mpaka utumboni. Na mrija wa nyongo unakuja kuungana nao karibu na mlango wa utumbo. Jiwe dogo likitoka kwenye mfuko wa nyongo likaja kukwama pale kwenye makutano, njia inaziba, na kongosho linaanza kuunguzwa na maji yake lenyewe. Wengine linavimba kwa ajili ya pombe, wengine kwa mafuta kuzidi katika damu, wengine kwa dawa fulani, na wapo ambao sababu haionekani. Lakini huyu, sababu yake ni mawe. Hakuna haja ya kumnusa mdomo.

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Kamusi kama msumari. Hata hivyo aliipenda ile karatasi, akaikunja akaitia mfukoni, kwa maana ilikuwa imechorwa vizuri.

Kumbe ugomvi wake na daktari ulikuwa bado haujaanza. Ulianza siku ya tatu. Mshono alikuwa amepewa maji mengi ya dripu na dawa ya maumivu, kutapika kumekoma, macho yameanza kuwa meupe, na asubuhi ile muuguzi alimletea uji mwepesi na kipande cha mkate. Kamusi aliingia akakuta mdogo wake anakula. Alimnyang'anya bakuli.

Kitabu chake kilisema waziwazi: kongosho likivimba, mgonjwa asitie kitu mdomoni siku nyingi, mpaka liwe limelala kabisa. Alikuwa ameisoma sura hiyo mara mbili na alikuja na kitabu chenyewe, kimefungwa kwa uzi wa nta. Daktari aliitwa. Alikipokea kitabu, akatafuta mwaka wa kuchapwa kwenye ukurasa wa mwisho, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Mzee, hivyo ndivyo walivyofundishwa walimu wa walimu wangu. Siku hizi tunajua mgonjwa ambaye maumivu yametulia na hatapiki, akianza kula mapema anapona haraka. Utumbo ukiachwa na njaa nao unaleta matatizo yake."

"Kwa hiyo waliokuwa wanapona zamani walipona kwa makosa?"

"Wengine hawakupona, mzee."

Adabu ilikuwepo katika jibu hilo, lakini Kamusi hakuisikia. Alisikia kwamba kijana mwenye viatu vya mpira amekitupa kitabu. Kuanzia hapo kila alichosema daktari kilipita kwenye sikio lile moja na kutokea lingine. Mbaya zaidi, siku ya tano, siku ya kuruhusiwa, ndipo daktari aliposema jambo kubwa kuliko yote.

Alisema Mshono amepona uvimbe, hajapona sababu. Mfuko wa nyongo bado una mawe, na jiwe la pili linaweza kushuka kesho au mwezi ujao. Kinga pekee ya kweli ni kuutoa mfuko wenyewe, upasuaji mdogo wa matundu manne, na mtu anaishi bila mfuko huo vizuri tu. Ingefaa ufanywe kabla hajatoka hospitalini, ila chumba cha upasuaji kilikuwa kimejaa. Akampa barua yenye tarehe: karibu wiki mbili kutoka siku ile, Jumanne, saa moja asubuhi, aje bila kula. Mpaka hapo apunguze mafuta, ale kidogokidogo, asiguse pombe wala tumbaku, na akipata maumivu hata kidogo asikae nayo, aje siku hiyohiyo.

Shemeji aliichukua barua akaitia kifuani.

Lakini katika wiki hizo mbili karakana ilipata kazi. Mkuu wa bendi ya matarumbeta, mtu mzima mwenye tumbo na mwendo wa kijeshi, alikuja mwenyewe kusema kwamba wanabendi wake wanachoka na viatu vya dukani vinavyoachia soli katikati ya gwaride, na anataka jozi ishirini na nne za mkono. Kwa miaka sita Kamusi hakuwa ameletewa kazi kubwa kama hiyo. Alipima miguu arobaini na minane kwa siku mbili na usingizi ukamhama kwa furaha. Kwake hizo hazikuwa jozi ishirini na nne tu. Zilikuwa ushahidi. Alikuwa ameambiwa na kila mtu kwamba kazi ya mkono imekufa, na sasa mtu ametembea kwa miguu yake kuja kuitafuta.

Na soli angeshona nani? Mikono yake mwenyewe ilikuwa inatetemeka. Mafundi wote wa aina hiyo aliowajua walikuwa makaburini au wanauza simu.

Kwa hiyo alikwenda nyumbani kwa mdogo wake jioni, akakaa, akanywa chai, akaanza mbali. Alisema upasuaji ni jambo jema lakini si jambo la moto. Alisema kitabu chake kimeandika kwamba wako watu wanaozikwa na mawe yao na hawakupata kujua wanayo, na hilo ni kweli, ila kitabu kilikuwa kinasema juu ya watu ambao mawe hayajawahi kuwaumiza. Kisha akafika pale alipokuwa anakwenda.

"Umeona mwenyewe, shemeji. Akikaa kigodani anapona. Kitandani ndiko anakougulia. Tumalize jozi hizi, mwezi mmoja na nusu, kisha wampasue hata mara mbili wakitaka."

"Daktari ametoa tarehe," alisema shemeji.

"Daktari huyu ndiye aliyempa mkate siku ya tatu."

"Na akapona."

Kamusi akamgeukia mdogo wake, amwamulie. Mshono alikuwa anatazama mikono yake. Alijua thamani ya jozi zile kwa kaka yake, pengine kuliko kaka mwenyewe. Akasema tarehe inaweza kusogezwa. Shemeji aliinuka, akatoa vikombe, na hakurudi sebuleni mpaka mgeni alipoondoka.

Jumanne ile ikapita.

Wiki nne za mwanzo zilikuwa wiki ambazo Kamusi baadaye hakuweza kuzikumbuka bila kusaga meno, kwa maana alizifurahia. Mshono alikuwa anafika mapema kuliko yeye. Kamusi alikuta mlango umeshafunguliwa na mdogo wake ameinama, sindano zinapishana. Chakula cha mchana Mshono alikigusa tu. Hakuinuka kujinyoosha kama zamani. Jioni Kamusi alipofunga dirisha, Mshono alimwomba amwache kidogo amalizie kisigino. Na mshono wake ulikuwa haujapata kuwa mzuri namna ile. Kamusi alizipanga jozi zilizokwisha ukutani, akawaita wapita njia waje wazione, akawaambia haya ndiyo mambo, siyo yale matakataka ya gundi.

Hakuona kwamba mdogo wake hatembei ila amejikunja. Au aliona, akasema ni uzee. Hakuona kwamba kila anapojaribu kukaa wima anashika ukingo wa meza na kuvuta pumzi kwanza. Mtu anayeshona soli huwa ameinama. Nani atajua kainama kwa kazi au kainama kwa maumivu? Mahali pengine popote, ofisini, shambani, dukani, mtu aliyejikunja siku nzima angeulizwa ana nini. Pale kwao alionekana fundi hodari.

Siku ya jozi ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, Kamusi alimwomba amsogezee bati la misumari. Mshono hakusogea. Akamwita mara ya pili. Alipoinama kumtazama alikuta uso umekuwa wa majivu, jasho linadondokea ngozi, na sindano bado ziko mikononi. Alijaribu kumnyoosha amlaze chini. Mshono akatoa sauti ambayo Kamusi hakuwahi kuisikia kwake tangu utotoni. Wakambeba hivyohivyo amejikunja, Kamusi na fundi saa wa chumba cha pili.

Safari hii hakukuwa na kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Walimpitisha moja kwa moja chumba cha wagonjwa mahututi, milango ikafungwa, na Kamusi akabaki kwenye benchi la chuma lililotobolewa matundu. Shemeji alifika na sindano ya mapazia bado imechomekwa kwenye kola ya gauni. Alikaa mwisho wa pili wa benchi.

Daktari mwenye miwani alitoka baada ya saa nyingi. Alikuwa na barua mkononi, nakala ya ile ya Jumanne.

"Mbona hamkurudi?"

Shemeji alimgeukia Kamusi, ajibu yeye. Alikuwa ameshasema mara moja.

Kamusi alieleza. Hakuficha, uongo haukuwa tabia yake. Alieleza kuhusu bendi, na kuhusu kitabu, na mwisho, kwa sauti ya mtu anayeleta hoja yake nzito kuliko zote, akaeleza kwamba mdogo wake alikuwa anapona kazini. Wameona kwa macho yao mwaka mzima. Akilala anaumwa, akikaa na kuinama maumivu yanakwenda.

Daktari alivua miwani akafuta macho.

"Mzee," alisema, "ndiyo dalili yenyewe hiyo. Kongosho liko nyuma, karibu na uti wa mgongo. Mtu akilala chali maumivu yanazidi, akiinama mbele yanapungua. Wagonjwa wengi wa kongosho ninaowapokea hapa wamejikunja hivyo. Hakuwa anapona. Alikuwa amepata mkao."

Kamusi alitazama chini. Aliona kwamba kiatu chake cha kulia kimefunguka kamba, na hakuifunga.

Safari hii sehemu ya kongosho ilikuwa imekufa, na mapafu na figo vilikuwa vimeanza kuyumba. Kwa siku kumi na moja daktari hakusema atapona wala hatapona. Alisema tu, leo ni kama jana. Mashine ilimsaidia kupumua. Chakula kilipitishwa kwa mpira mwembamba puani, maana hata sasa hawakumwacha na njaa. Kamusi alikuja kila asubuhi na kuondoka walipomfukuza. Alijaribu kumkasirikia daktari, ikashindikana. Akajaribu kumkasirikia mkuu wa bendi, ikawa upuuzi. Akaikasirikia hospitali kwa kukosa nafasi siku ile ya tano, na hapo alikuwa na haki kidogo, na hiyo haki kidogo haikumsaidia kitu. Siku moja binti wa Mshono, mwalimu katika mji mwingine, alifika, akamsalimia, "Shikamoo baba mkubwa," kwa heshima zote, akaenda kukaa upande wa mama yake.

Mshono alipona, ikiwa hilo ndilo neno. Siku ya kumi na mbili walimtoa mashine. Baada ya wiki saba walimtoa hospitalini. Baadaye sana, uvimbe ulipokauka, ule mfuko wa nyongo ukatolewa, kwa matundu manne kama ilivyosemwa, na akarudi nyumbani kesho yake. Daktari alimwonyesha Kamusi mawe yenyewe kwenye kichupa: saba, makubwa yake hayazidi punje ya dengu. Lakini kongosho lililobaki halikutosha. Mshono sasa alikuwa na sukari, akajidunga insulini asubuhi na jioni, na kila mlo ulitanguliwa na vidonge vya kusaidia kusaga, la sivyo chakula kilipita kama kilivyoingia. Uzito wake ulikuwa wa kijana wa darasa la saba. Vidole viliingiwa na ganzi. Sindano mbili zenye uzi wa nta hakuweza tena kuzipishanisha.

Jozi sita zilizobaki Kamusi alijaribu kuzishona mwenyewe. Alishona moja, akaitazama, akaifumua. Mkuu wa bendi akaja akachukua kumi na nane na zile nyingine akaagiza dukani.

Mara kadhaa alikwenda kumtazama mdogo wake na mara zote alikaribishwa. Shemeji alimpa kiti, akampa chai, akajibu alichoulizwa: amelala vizuri, sukari imeshuka jana, kliniki ni Alhamisi. Mambo yote mle ndani sasa yalikwenda kwa saa na kwa kijitabu cha kliniki, na yeye shemeji ndiye aliyekishika. Mshono alikuwa hana kinyongo, na hilo ndilo lililomtesa kaka yake. Alikuwa ameandaa majibu ya lawama za kila namna, na lawama hazikuja. Radhi aliyoahidi kuiomba mambo yakitulia aliibeba kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka ikawa kama mzigo ambao mwenyewe haukumbuki.

Kisha akaambiwa wanahama. Binti yao alikuwa amepata nyumba yenye chumba cha ziada, na hospitali yenye kliniki ya sukari iko hatua chache kutoka hapo. Hakuulizwa maoni. Aliambiwa siku.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, nje ya nyumba yao. Gari dogo la mizigo lilikuwa limeshapakiwa: vitanda, cherehani ya shemeji imefungwa kwa shuka, sanduku la dawa lililofungwa peke yake ili lisipate jua. Shemeji alikuwa anahakikisha kamba. Binti alikuwa amekaa katikati kwenye kiti cha mbele, na Mshono mlangoni, kioo kimeshushwa, amevaa koti ambalo sasa lingemtosha mara mbili.

Kamusi alisimama karibu na kioo. Alikuwa ametembea njia nzima akiyapanga maneno, ya kuanza nayo na ya kumalizia.

"Kaka," alisema Mshono, "na wewe ukapime. Daktari alisema mawe haya yanaweza kuwa ya ukoo."

"Nitakwenda."

"Usiseme nitakwenda. Nenda."

Haikuwa sauti ya kumjibu mkubwa, ila ilikuwa jibu, na la kwanza tangu baba yao afariki. Kamusi alitikisa kichwa kukubali. Shemeji alikuja, akampa mkono, akamwambia abaki salama, akapanda nyuma pamoja na mizigo kama alivyopenda mwenyewe. Dereva akawasha. Sasa ndio ulikuwa wakati, na Kamusi aliujua, na maneno yote aliyoyakusanya kwa miaka hamsini katika vitabu vichakavu yalikuwa yamepangwa tayari.

"Tairi la nyuma limepungua upepo," alisema.

Dereva alishuka, akazunguka nyuma, akalipiga teke. Akasema ni zima. Akapanda tena, gari likaondoka, na shemeji, aliyekuwa amekaa juu ya godoro akitazama nyuma, alimtazama mpaka kona, bila kupunga mkono na bila kugeuza uso.